Kaseti ya meno 34 kwenye baiskeli ya resi: yanayowezekana bila kununua seti mpya ya gia

Upepo wa Kusi (mleta uzi, Malindi)

Assalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Kusi ikianza tu, malalamiko ni yale yale. Vijana tunaopiga nao njia ya Gede wanalia magoti, na wengine wameshaanza kuziacha baiskeli nyumbani mpaka upepo utulie. Ukiwaambia tatizo ni gia, wanakujibu kwamba Malindi hakuna milima. Nataka tulizungumze hili kwa kirefu, maana inaniuma kuona mtu anaacha mchezo anaoupenda kwa jambo linalotengenezeka kwa kaseti (lile rundo la sproketi, yaani vigurudumu vya meno vya nyuma), cheni na bisibisi.

Baiskeli nyingi za resi hapa kwetu ni mitumba ya Ulaya iliyoshukia Mombasa, na nyingi zimekuja na gia za mashindano: chenwili (magurudumu ya meno ya kwenye pedali) za meno 53 na 39 mbele, kaseti ya meno 12 hadi 25 nyuma. Gia hizo zilipangiwa mtu anayelishwa, anayekandwa na kulipwa ili aendeshe. Sisi tunamzungumzia mwalimu anayetoka kazini mjini saa kumi na moja jioni, anarudi kwao Gede na kusi inampiga usoni njia nzima. Au mtu anayekwenda Gongoni mwezi wa kwanza, kaskazi kifuani, malori ya chumvi yakimpita na kumyumbisha. Kilima kina kilele, ukifika unapumzika. Upepo hauna.

Hesabu yake ni nyepesi. Gurudumu la 700 lenye tairi ya 25 likizunguka mara moja hutembea mita 2.1 hivi. Ukiwa na 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 3.3. Miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika, ambao ni mwendo unaoyapumzisha magoti, gia hiyo inataka uwe unakwenda karibu kilomita 16 kwa saa. Sasa upepo ukushushe hadi 11. Gia nyepesi zaidi huna, kwa hivyo miguu inashuka hadi mizunguko 56 kwa dakika, kila mmoja mzito kama kupanda ngazi, na goti ndilo linalolipa. Badilisha 25 iwe 34, hapo hapo kwenye 39 ya mbele, na ile kasi ya 11 na kitu unaipata miguu ikizunguka 80. Hukuongeza nguvu yoyote, umebadilisha tu namna ya kuitumia.

Swali ni kama ule mkono wa gia wa nyuma, direla wanayoiita mafundi, utaikubali kaseti hiyo. Hapa ndipo watu hupoteza pesa, kwa sababu wananunua kaseti kwanza kisha ndiyo waanze kuuliza.

Kuna mambo matatu na kila moja linasimama peke yake. Kwanza, sproketi kubwa kabisa ambayo mkono unaweza kuipita bila puli yake ya juu (kigurudumu kidogo kinachoongoza cheni) kugusa meno. Pili, uwezo wa mkono kumeza ulegevu wa cheni. Tatu, waya unavutwa kiasi gani kwa kila kliki ya shifta, kile kifaa cha kubadilishia gia.

Uwezo unahesabiwa hivi: tofauti ya chenwili za mbele jumlisha na tofauti ya kaseti. Ukiwa na 53 na 39, tofauti ni 14. Kaseti ya 12 hadi 25, tofauti ni 13. Jumla 27, na hata keji fupi kabisa inalibeba hilo. Weka kaseti ya 11 hadi 34: 14 na 23, jumla 37. Wenye chenwili za 50 na 34 wanafika 39. Keji ni kile kipande kinachoshika puli mbili ndogo. Kikiwa kirefu kinavuta cheni zaidi, kikiwa kifupi kinavuta kidogo. Kampuni ya Shimano huandika SS kwa keji fupi, GS kwa ya wastani, SGS kwa ndefu. Geuza mkono uutazame kwa nyuma, utaona namba inayoanzia RD. Futa grisi vizuri kwa kitambaa usome mpaka mwisho.

Kwa mfano, mkono wa resi wa Shimano uitwao 105, wa gia 11, toleo la 5800: keji fupi imeandikiwa sproketi ya mwisho 28 na uwezo 33, ya GS ni 32 na 37. Toleo lililoifuata, R7000, keji fupi ni 30 na 35, GS ni 34 na 39. Mikono miwili inayofanana kwa macho, kumbe mmoja unakubali 34 moja kwa moja na mwingine unasimamia 28.

Namba hizo za kiwandani zina nafasi kidogo ndani yake. Mtengenezaji hajui fremu yako ikoje, kwa hiyo anaandika namba itakayofanya kazi kwenye fremu yoyote. Hilo halina maana kwamba kila kitu kitaingia. Maana yake ni kwamba inafaa kupima kabla ya kusema haiwezekani. Nakaribisha michango, hasa ya mafundi.

Mwana wa Gede

Kaka, waalaykum salaam. Uzi mzuri, lakini mimi nakupinga kidogo. Nina 12 hadi 25 na siibadilishi. Zile gia zimekaribiana: 12, 13, 14, 15, 16, 17, halafu 19, 21, 23, 25. Tukiwa kwenye kundi na mwendo umepanda, napata gia inayonifaa kabisa. Wenye 34 nawaona wanahangaika, mara nzito mara nyepesi, hawapati ya katikati. Njia ya Gede ni lami tupu. Mtu afanye mazoezi.

Upepo wa Kusi

Ndugu yangu, hoja ya mapengo ni ya kweli na sitaificha. Kaseti ya Shimano ya gia 10 yenye 11 hadi 34 inakwenda 11, 13, 15, 17, 19, 21, 23, 26, 30, 34. Ile 14 na 16 unayoipenda haimo. Kwa mtu anayekimbia kwenye kundi kwa kasi moja, hiyo ni hasara anayoisikia miguuni.

Ila tazama nani yuko kwenye kundi letu. Wewe una miguu ya resi. Nyuma yako kuna watu wenye miaka hamsini, kuna dada zetu walioanza mwaka huu, kuna wanaobeba mtoto au mzigo sokoni kwa baiskeli hiyo hiyo siku za kazi. Hao hawatafuti 14 na 16, wanatafuta wafike. Mazoezi yanaongeza nguvu kwa miezi, na goti linaharibika kwa wiki chache za kusukuma gia nzito. Na lami ikiisha, ukishika njia ya Marafa kwenda kutazama yale makorongo ya Nyari, vumbi na kokoto vinakudai gia nyepesi hata upepo ukiwa umelala.

Kwa anayesita, kuna ya katikati. 12 hadi 28 inaingia kwenye mikono mingi ya keji fupi bila kugusa kitu kingine zaidi ya cheni, na mapengo yake ni madogo. Si lazima kila mtu afike 34.

Fundi wa Barani

Salaam wote. Mimi ni fundi, hizi kazi nazifanya kila siku, na naona mleta uzi amelisema vizuri suala la uwezo ila sproketi kubwa amelipita haraka. Hilo ndilo linalonichukua muda.

Mkono umefungwa kwenye sikio la fremu. Sikio hilo halina urefu mmoja kwa fremu zote. Likiwa refu, mkono unakaa chini na 34 inapita hata kwenye mkono ulioandikiwa 28. Likiwa fupi, hata 30 inagonga. Nimeona mikono miwili ya namba moja, kwenye fremu mbili, mmoja umekubali na mwingine umekataa. Kwa hivyo mtu akinitumia namba ya mkono kwa simu na kuniuliza itaingia au la, namwambia alete baiskeli.

Namna ya kupima kabla hujanunua kaseti: chukua baiskeli ilivyo, weka cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma na chenwili ndogo ya mbele. Tafuta skrubu ya B, ile iliyo nyuma ya mkono, karibu na boliti kubwa inayoushika kwenye sikio. Ikaze mpaka mwisho. Sasa inama utazame kwa nyuma, usawa wa habu (kitovu cha gurudumu), upime pengo kati ya ncha za meno ya sproketi na ncha za meno ya puli ya juu. Sproketi ya 34 imezidi ile ya 28 kwa takriban milimita 12 kutoka katikati hadi ukingoni. Kama una 28 na umepata pengo la 18, 34 itakaa na itabaki na milimita 6 hivi, nafasi nzuri kabisa. Ukipata 12 ujue zitagusana. Kwa mwenye 25, nyongeza ni milimita 18, siyo 12.

Mimi rula situmii, naingiza alenki (ule ufunguo wa pembe sita). Alenki ya milimita 6 ikipita kwa kubanwa kidogo baada ya kaseti mpya kufungwa, hapo nimemaliza. Ikikataa kupita, zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono taratibu na usikilize. Puli ikigusa sproketi utasikia mkwaruzo wa meno kwa meno, na ukishika keji kwa vidole utaihisi inatetemeka. Usimwachie mtu baiskeli katika hali hiyo hata akikwambia anaharaka.

Skrubu ya B ikiwa fupi, nyingi ni za M4. Tafuta ndefu zaidi ya uzi huo huo, au itoe uirudishe kwa kuigeuza ili kichwa ndicho kisukume sikio. Ni kazi ya dakika chache na inaleta milimita kadhaa.

Upepo wa Kusi

Fundi, shukran sana. Hili la kupima kabla ya kununua ningeomba kila mtu alisome mara mbili.

Pingili

Mimi nina swali dogo. Nina resi ya zamani ya gia 7 nyuma, nimeambiwa nina friwili na siyo kaseti. Naweza kupata 34?

Fundi wa Barani

Unaweza. Friwili inafungwa kwa uzi kwenye habu na inatoka nzima kwa kifaa chake. Ipo ya Shimano ya gia 7 ya 14 hadi 34, inapatikana kwa urahisi maana baiskeli nyingi za milimani za bei ya chini zinakuja nayo. Ila fahamu inavyopanda: 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu inaruka hadi 34. Ile ya mwisho ni ya kukuokoa tu, usitegemee kuiendea polepole. Na juu umepoteza, 14 siyo 12, kwa hiyo ukiteremka au upepo ukiwa nyuma miguu itazunguka bure mapema. Kwa mtu wa mizigo naisifu. Kwa mtu wa kundi, atafute gurudumu lenye habu ya kaseti.

Mkono wako wa zamani wa keji fupi hautafika 34. Ila shifta za resi za zamani zilizo kwenye bomba la fremu, zile zisizo na kliki, zinakubali mkono wowote ule, hata wa baiskeli ya milimani. Wewe ndiye unayesikiliza gia imekaa au haijakaa.

Mzee wa Spana

Vijana nawasikiliza kwa furaha. Niongeze kitu kuhusu huo mkono wenyewe, maana wengi wanaufungua bila kujua kwa nini uko ulivyo. Mikono ya zamani ilikuwa ikienda ndani na nje kwa mstari ulionyooka, puli inakuwa karibu na sproketi kubwa na mbali na ndogo, na gia zinaingia kwa kusitasita. Mwaka 1964 SunTour ya Japani ikatoa mkono ulioinama, unaoshuka kadiri unavyoingia ndani, ukifuata umbo la kaseti. Hati yao ya ubunifu ilipomaliza muda katikati ya miaka ya 1980, wengine wote wakauchukua mwinamo huo.

Mwinamo wa mkono wa resi umepangiwa kaseti zisizopanda sana, na wa baiskeli ya milimani umepangiwa zinazopanda kwa ukali. Ndiyo maana mkono wa resi ukilazimishwa 34 kwa skrubu ya B, pengo linakuwa sawa kwenye sproketi kubwa lakini kule kwenye 11 na 13 puli inakuwa mbali, na gia zinaingia kwa uvivu kidogo. Mtu asikate tamaa akiona hivyo akadhani waya ndio mbovu.

Upepo wa Kusi

Mzee wetu, Mungu akuweke. Hilo linaeleza kitu ambacho wengi wanakiona na wanabaki kuzungusha kirekebishi cha waya bila faida.

Sabaki Rider

Jamani mimi nimekwama. Nina shifta za resi za gia 10 za Shimano. Nikasikia kwamba mkono wa baiskeli ya milimani unakubali 34 bila wasiwasi, nikanunua wa gia 10, Deore. Nilifikiri 10 na 10 ni sawa. Gia haziingii kabisa. Nikibonyeza mara moja inasogea nusu, inakwaruza kati ya sproketi mbili. Fundi mmoja amenibadilishia kebo, mwingine akanyoosha sikio, hakuna kilichobadilika.

Upepo wa Kusi

Kaka, hakuna aliyekosea kufunga. Ni lile jambo la tatu. Shimano walitumia uwiano mmoja wa kuvuta waya kwa resi za gia 8, 9 na 10, na pia kwa milimani za gia 8 na 9. Walipotoa milimani za gia 10 mwaka 2010 wakabadilisha. Mkono wa Deore wa gia 10 unahitaji waya mrefu zaidi kwa kila kliki, na shifta yako ya resi haitoi. Hakuna kebo wala sikio litakalotibu hilo.

Unachotakiwa kutafuta ni mkono wa milimani wa gia 9. Deore M591 kwa mfano, keji ndefu, umeandikiwa 34 na uwezo wa 45. Ukiufunga kwenye shifta zako za gia 10 za resi, kliki zinakaa sawasawa, kwa sababu mkono wenyewe haujui una gia ngapi. Mkono unasogea kadiri waya ulivyovutwa, basi. Hesabu ya gia iko ndani ya shifta na kaseti. Kwenye mitumba mikono ya gia 9 ipo mingi, na mara nyingi hata haitazamwi.

Ukipata ule wa M592, kumbuka hauna kirekebishi cha waya mkononi mwake. Hakikisha fremu yako ina kirekebishi kwenye bomba au weka kidogo katikati ya ala ya kebo.

Kuna tofauti moja ya kuangalia: kama shifta zako ni Tiagra 4700 za Shimano, hizo ni za gia 10 lakini zinavuta waya kwa mtindo wa resi za gia 11. Hapo mkono wa milimani wa gia 9 hautafaa, tafuta Tiagra 4700 GS, ambao wenyewe umeandikiwa 34.

Wenye gia 10 za SRAM, ile kampuni nyingine, wamepumzika katika hili, resi na milimani zao za gia 10 zinaelewana.

Sabaki Rider

Nimeangalia, shifta ni 5700. Alhamdulillahi, nitatafuta wa gia 9. Huu wa gia 10 mwenye baiskeli ya milimani aje tuongee.

Bi Watamu

Habari zenu kaka zangu. Mimi na wenzangu wawili tunapanga kwenda Taita, tupande kutoka Mwatate hadi Wundanyi. Nimepita kule kwa matatu na zile kona zinanitisha. Nina 50 na 34 mbele, nyuma 11 hadi 28, mkono ni 105 5800, nimesoma nyuma imeandikwa SS. Nimeambiwa kuna kipande cha chuma kinachofungwa kwenye sikio kushusha mkono chini. Ndicho nachukua?

Upepo wa Kusi

Karibu sana dada, na hongereni kwa safari hiyo. Taita siyo upepo wa Malindi, kule kunapandwa kwelikweli.

Kile kipande kipo, Wolf Tooth ya Marekani ndiyo iliyokipa jina kwa RoadLink, na vipo vya kuigiza vya bei ndogo. Kinafanya kazi moja tu: kinashusha mkono ili puli isiguse sproketi kubwa. Uwezo wa kumeza cheni hakiongezi hata kidogo. Wewe ukiwa na 50 na 34 na kaseti ya 11 hadi 34, unahitaji 39. Mkono wako wa SS umeandikiwa 33. Umepungukiwa na 6. Ukiwa kwenye chenwili ndogo na sproketi ndogo za nyuma, cheni italegea ianguke juu ya keji.

Kulegea huko si hatari yenyewe, gia hizo hazina haja ya kutumika. Hatari ni kinyume chake. Mtu anaona cheni imelegea, anaikata iwe fupi ionekane nzuri. Siku akiwa amechoka kwenye kona, akasahau akaweka chenwili kubwa na sproketi kubwa, cheni haifiki. Inavuta mkono mbele mpaka sikio linakatika, na mkono unaweza kuingia kwenye spoki. Nawaomba sana, cheni ipimwe kwa kubwa na kubwa, siku zote, bila kujali inavyoonekana kwenye ndogo na ndogo.

Ushauri wangu kwako ni utafute mkono wa R7000 GS. Unaelewana na shifta zako za 5800, umeandikiwa 34 na 39, hesabu yako inaingia kamili. Ukikosa, 5800 GS umeandikiwa 32 na 37. Kwa kaseti ya 11 hadi 32 uko ndani ya namba bila kubahatisha.

Fundi wa Barani

Naunga mkono kwa asilimia mia. Vile vipande navifunga mtu akisisitiza, lakini mkono unakaa mbali na gia zinaingia kwa kuchelewa zaidi. Mkono sahihi ni bora kila mara.

Dada, kuhusu kaseti kuna kitu wauzaji wengi hawakisemi. Kaseti ya resi ya gia 11 inataka habu iliyo ndefu kwa milimita 1.85 kuliko za gia 8, 9 na 10. Lakini zile za Shimano za 11 hadi 34, HG700 na HG800, zimetengenezwa kwa habu fupi. Wewe mwenye habu ya gia 11 lazima uweke pete ya milimita 1.85 kwanza, ndipo kaseti. Usipoiweka kaseti itacheza hata nati ikikazwa. Pete hiyo huja ndani ya boksi, na watu huitupa na karatasi. Kwa mwenye gurudumu la zamani la gia 10, hii ni habari njema, maana anaweza kupanda gia 11 bila kununua gurudumu.

Urefu wa cheni nafanya hivi: naizungusha kwenye chenwili kubwa na sproketi kubwa bila kuipitisha kwenye mkono, naivuta ikaze, kisha naongeza pingili mbili, yaani inchi moja. Ukitoka 25 kwenda 34 tarajia pingili nne au tano zaidi ya cheni ya zamani, kwa hiyo cheni ya zamani karibu kila mara haitoshi. Na usiiunge. Cheni iliyovutika ikiwekwa kwenye kaseti mpya inakula meno mapema.

Bi Watamu

Shukran nyingi. Naomba kuuliza jingine, je, skrubu za H na L, zile zinazouzuia mkono usipite mwisho wa kaseti nje na ndani, ziguswe?

Fundi wa Barani

Ukibadilisha kaseti peke yake, sproketi kubwa inakaa pale pale ilipokuwa ile ya zamani kwa upande, kwa hiyo L kwa kawaida inabaki. Ukibadilisha mkono, anza upya zote mbili. L ndiyo inayozuia mkono usiingie kwenye spoki. Ukimaliza, simama nyuma ya baiskeli, weka gia nyepesi kabisa, kisha sukuma mkono kwa kidole kuelekea ndani huku gurudumu likizunguka. Ukiona cheni inataka kupanda juu ya sproketi kubwa, kaza L robo mzunguko.

Halafu sikio. Hizi baiskeli zinakuja kwenye makontena zimelaliana, na upande wa mkono ndio unaopondwa. Sikio likiinama kidogo tu, gia za katikati zinaingia na za pembeni zinakataa. Linyooshwe kwa kifaa chake kabla ya kufunga mkono mpya, siyo kwa spana na nguvu. Na kwa fremu za alumini, ukiona ufa, badilisha.

Mwana wa Gede

Naomba niulize bila ubishi safari hii. Mama yangu ana baiskeli niliyomnunulia, resi ya gia 10, anakwenda nayo shamba. Kila baada ya muda gia zinapotea. Nikirekebisha leo, wiki mbili zimeharibika. Ni kaseti?

Upepo wa Kusi

Kaka, mara nyingi hiyo ni kebo. Chumvi ya bahari hapa kwetu haina huruma. Tazama ala ya kebo, ile ganda la nje. Nimekuta baiskeli nyingi zimewekewa ala ya breki kwenye gia. Ya breki imesukwa kwa waya wa kuzungushwa kama springi, ikipinda inabonyea, na kila kliki inapoteza kidogo. Ya gia ina nyaya zilizonyooka kwa urefu, haibonyei. Ikate uone: ukiona mzunguko ni ya breki, ukiona nyuzi nyingi zimelala pamoja ni ya gia. Waya wa ndani uwe wa milimita 1.2 na wa chuma kisichoshika kutu. Sehemu ya mwisho, ule upinde unaoingia kwenye mkono, ndipo maji na chumvi vinapokaa. Hapo pabadilishwe mapema kuliko pengine.

Na kwa mama, kama ni mtu wa shamba na mzigo, fikiria ile ya 11 hadi 34 na mkono wa milimani wa gia 9 tuliomweleza Sabaki Rider. Atakuombea dua.

Mwana wa Gede

Kwa mama nitaiweka. Chenwili zake ni 53 na 39. Naweza kumwekea 34 mbele pia?

Fundi wa Barani

Pima kwanza matundu ya boliti za chenwili. Kwenye krenki (mkono wa pedali unaoshika chenwili) ya boliti tano, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani. Ukipata milimita 76 na kitu, hiyo ni ya 130, yaani duara la boliti lina upana wa milimita 130, na chenwili ndogo kabisa inayokaa hapo ni 38. Faida yake kutoka 39 ni ndogo, usihangaike. Ukipata karibu milimita 65, ni ya 110, na 34 inakaa. Ukiweka na chenwili kubwa yenye meno machache zaidi, mkono wa gia wa mbele nao ushushwe uifuate chenwili kubwa, pengo la milimita 1 hadi 3 juu ya meno yake.

Sabaki Rider

Nimepata M591, imefungwa jana. Gia zote kumi zinaingia. Nimeongeza cheni mpya. Kitu kimoja tu: kiungio cha haraka cha cheni ya zamani kilikuwa cha gia 9, nakitumia kwenye hii ya gia 10?

Fundi wa Barani

Hapana. Cheni ya gia 9 ni pana kuliko ya 10, kiungio chake kitacheza pembeni na kinaweza kufunguka ukisimama kwenye pedali. Nunua cha gia 10, na usome mtengenezaji anasema kitumike mara moja au zaidi. Ukishakifunga, kiweke upande wa juu wa cheni, shika breki ya nyuma, ukanyage pedali kwa nguvu mpaka usikie kimebana.